Mguu umevunjikia mlangoni mwa Hiace: abiria wa Lubumbashi amdai nani?

Hiace inatoka Ruashi asubuhi, imejaa, inashika barabara ya Kasenga kuelekea mjini. Usukani wake uko kulia, kama wa magari mengi yanayofika Katanga kutoka Japani kwa kupitia bandari za Dar es Salaam na Durban. Kule yalikotengenezwa watu huendesha upande wa kushoto, na mlango wa abiria hufungukia ukingoni mwa barabara. Sisi Kongo tunaendesha kulia. Mlango uleule, kwetu, unafungukia katikati ya lami, mahali ambapo magari mengine yanapita.

Mama anayeuza samaki wakavu sokoni anaomba kushuka. Dereva anasimama, magurudumu bado yako kwenye lami, maana pembeni kuna mfereji na wauzaji. Konvoyeri, yaani kondakta, anavuta mlango: "Mama, shuka mbio, tunachelewa!" Mama anatanguliza mguu mmoja, beseni mkononi. Teksi ndogo iliyokuwa nyuma haikutaka kungoja. Inaipita Hiace kwa upande wa kushoto na kumgonga. Mfupa wa muundi unavunjika.

Kisa hiki nimekiunda kutokana na mambo anayoyajua kila mtu anayepanda basi Lubumbashi. Nyuma yake hakuna mtu mmoja niliyemficha. Nimemchagua abiria wa mlangoni kwa makusudi. Ndiye ambaye kila mtu hukimbilia kumwambia kwamba kesi yake ni ngumu, wakati kwa macho ya sheria ana nafasi nzuri. Linalomwangusha kwa kawaida ni karatasi: ile anayoitia sahihi siku za kwanza, na zile ambazo hakuna aliyemwambia azitafute.

Tuendelee. Pale pale barabarani madereva wawili wanatupiana lawama. Wa Hiace anasema teksi imepita kwa kasi bila kujali gari lililosimama. Wa teksi anasema Hiace imesimama vibaya na mama amejirusha. Magari yote mawili si yao. Kila jioni wanampelekea mwenye gari pesa ya versema. Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, wanafika, wanachukua karatasi za magari na kuyapeleka uwanjani kwao. Mama anafikishwa hospitalini. Siku ya tatu mjomba wa mwenye Hiace anakuja na dola 150 na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. "Yaya, tusikilizane tu hapa hapa. Ku tribinali utapoteza falanga bure." Hospitali imekwisha kusema kwamba mgonjwa hatoki kabla bili haijalipwa. Familia inaangalia bahasha.

Nianze na swali la nani mwenye deni, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu bila sababu. Kanuni ya kiraia ya Kongo, kitabu cha tatu, inatumia dekreti ya 30 Julai 1888, na vifungu vitatu vinatosha hapa. Kifungu cha 258 kinamlazimisha kila mtu aliyemletea mwingine madhara kwa kosa lake kuyalipa. Cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Cha 260 kinamfikia mwenye gari: anayemtuma mtu kazi anajibu kwa madhara ambayo mtu huyo anayaleta akiwa katika kazi hiyo. Na hapa sheria ni kali kuliko wenye magari wanavyopenda kuamini. Kifungu hicho hicho kinawaruhusu wazazi na walimu kujitoa kwa kuonyesha kwamba hawakuweza kuzuia tendo. Mwajiri hakupewa mlango huo. Mwenye Hiace hawezi kusema, "Mimi nilikuwa nyumbani nimelala."

Basi mama ana wadaiwa wanne: madereva wawili na wenye magari wawili. Dereva wa Hiace alisimama kwenye lami na kumshusha abiria upande wa hatari. Dereva wa teksi alilipita gari lililosimama lenye mlango wazi. Makosa mawili yamezaa mfupa mmoja uliovunjika, na jaji anaweza kuwahukumu wote kwa pamoja, kila mmoja akidaiwa fidia nzima, kisha wao wenyewe wakagawana. Ugomvi wao juu ya nani alikosa zaidi ni wao. Abiria hana kazi ya kuutatua kabla ya kudai.

Watamrudishia neno la kujirusha, na hilo si la kudharau, kwa sababu jaji akiona abiria naye alikosa anaweza kupunguza fidia. Jibu lake liko kwa mashahidi. Abiria waliokuwa kwenye kiti cha nyuma walimsikia konvoyeri akisema ashuke mbio, lakini baada ya dakika kumi wote wamepanda basi lingine. Ndugu wa kwanza kufika akichukua namba za simu za watu wawili, na picha ya Hiace ikiwa bado imesimama ilivyosimama, amefanya kazi ambayo avoka (wakili) hataweza kuifanya baada ya miezi sita. Picha ioneshe namba za magari na karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele.

Kuna na hoja ya mkataba: abiria alipanda ili afikishwe salama kwa nauli. Avoka huweza kuitumia dhidi ya mwenye Hiace peke yake. Asimame tu kwenye sheria ya Kongo yenyewe. OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, ina sheria ya usafirishaji barabarani, lakini hiyo ni ya mizigo, si ya watu.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza inapita kwenye kesi ya jinai. Kumjeruhi mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, ni kosa chini ya vifungu vya 52 na 54 vya kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu. Adhabu yake ni kifungo cha kuanzia siku nane hadi mwaka mmoja, pamoja na faini au moja kati ya hizo. Kama mama angefariki, kifungu kingekuwa cha 53, na kifungo kingefika miaka miwili.

Adhabu hiyo ndogo ina matokeo ambayo familia nyingi hazielezwi. Kifungu cha 24 cha kitabu cha kwanza kinapanga muda wa kushtaki kwa kufuata ukubwa wa adhabu. Kosa ambalo kifungo chake cha juu hakizidi mwaka mmoja linakufa baada ya mwaka mmoja tangu lilipotendeka. La kifo bila kukusudia linadumu miaka mitatu. Matendo ya upelelezi yanaweza kukatisha hesabu hiyo na kuianzisha upya, lakini mimi simshauri mgonjwa aweke tumaini lake kwenye PV, ripoti rasmi ya polisi, ambayo hajaiona. Ahesabu mwaka mmoja kutoka asubuhi ile ya barabara ya Kasenga, basi. Nawaza wangapi wanatoka kwenye plasta, wanaanza kutembea kwa fimbo, wanakwenda kwa waganga wa mifupa kijijini, na wanaporudi kuulizia faili kosa limekwisha zeeka. Inaniuma kwa sababu sheria yenyewe haikuwanyima kitu. Hakuna tu aliyewaonyesha kalenda.

Ndani ya mwaka huo kuna milango miwili. Wa kwanza ni parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Polisi wa rulaji anaandika PV na kuchora mchoro wa ajali, ofisa wa polisi ya upelelezi anawasikiliza madereva, faili inapanda kwa mwendesha mashtaka. Mama anajiunga na kesi kama mdai wa fidia, kwa mujibu wa kifungu cha 69 cha kanuni ya mwenendo wa jinai ya 1959. Wa pili ni sitasio direkti: mama mwenyewe, kwa mkono wa avoka au mtetezi wa mahakama, anawaita wadaiwa mbele ya jaji bila kungoja parke iamue. Kifungu cha 54 cha kanuni hiyo kinaruhusu. Mahakama inayohusika ni Tribunal de paix, kwa kuwa kwa sheria ya 11 Aprili 2013 ndiyo inayohukumu makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano.

Mimi naupenda mlango wa pili kwa kesi kama hii, na nitasema kwa nini. Kwenye parke kuna kitu kinaitwa faini ya mapatano. Ofisa anaweza kumwambia dereva alipe kiasi fulani kwa Hazina ya serikali, na akilipa, kwa kawaida mashtaka yanafungwa. Gari linatoka uwanjani. Dereva anarudi barabarani akisema kwa moyo safi kabisa kwamba "alilipa". Familia inasikia alilipa, inafikiri pesa ya mama ipo mahali fulani, inaanza kwenda na kurudi kuitafuta. Haipo. Ile ilikuwa ya serikali. Faini hiyo haiui haki ya mama ya kudai fidia, lakini inamwondolea kesi ya jinai aliyotaka kupanda juu yake, na gari lililokuwa limeshikwa, ambalo ndilo lililomfanya mwenye gari akubali kuongea, halipo tena mkononi mwa mtu.

Njia ya pili ni ya kiraia tupu: kudai fidia bila kumshtaki mtu jinai. Huko muda ni mrefu mno, miaka thelathini kwa kifungu cha 647 cha kitabu cha tatu. Kwa hiyo mtu ambaye mwaka umempita hajafungiwa kila kitu. Anapoteza wepesi. Dai lisilozidi franki 2 500 000 linakwenda Tribunal de paix. Likizidi hapo linakwenda Tribunal de grande instance. Kiwango hicho kiliwekwa 2013, na kwa thamani ya franki ya leo ni karibu dola elfu moja, kiasi ambacho mfupa wa muundi na miezi ya kukosa soko hukipita kwa urahisi. Katika kesi ya jinai hesabu hiyo haimzuii, maana fidia inafuata kosa popote linapohukumiwa. Na kama zote mbili zimefunguliwa, ya kiraia inangoja ya jinai iishe.

Bima nayo? Kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya kuwalipa wengine linaowadhuru. Ilikuwa hivyo kwa sheria ya 5 Januari 1973, na kanuni ya bima ya 17 Machi 2015 imeendeleza. Zamani hakukuwa na la kuuliza: tangu miaka ya 1960 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake. Kanuni ya 2015 ilifungua soko, na kuanzia 2019 makampuni mengine yamepewa ruhusa na ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Ndiyo maana leo namba ya karatasi ya kioo cha mbele ni ya thamani. Bila hiyo hujui hata ubishe hodi wapi. Mama apeleke barua kwa kila bima ya kila gari, akiambatanisha nakala ya PV na cheti cha daktari, apigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na bima hizo ziitwe kwenye kesi pamoja na wenye magari. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haitamsaidia siku ya kujieleza.

Kama bima ilikuwa imekwisha muda, deni linabaki kwa dereva na mwenye gari, na hapo utajiri wa mwenye gari ndio utakaoamua mama anapata nini. Shida nyingine ni gari lililouzwa mara mbili bila kubadilisha jina kwenye karte roze, yaani kadi ya umiliki wa gari. Aliyeandikwa anasema aliuza. Aliyenunua anasema karatasi si yake. Waitwe wote wawili, wakamweleze jaji.

Mambo mawili ya pembeni, kwa wakaaji wa mji wetu. Kama gari lililogonga lingekuwa lori la kigeni, la Zambia au Tanzania, linalopanda kutoka Kasumbalesa, mtu angeuliza Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka ambayo Kongo imo ndani yake. Na kama dereva ni askari au polisi, kesi ya jinai haiendi parke ya kawaida. Inakwenda kwa mwendesha mashtaka wa jeshi.

Turudi kwenye bahasha, maana ndiyo moyo wa kisa chote. Karatasi ya mjomba inasema: nimepokea dola 150, sina madai tena kwa mtu yeyote kuhusu ajali hii. Kwa sheria yetu huo ni mkataba wa kumaliza ugomvi. Unapaswa kuandikwa, na ukishaandikwa na kutiwa sahihi unawafunga waliousaini kama hukumu iliyokwisha. Mtu anaweza kumaliza kwa njia hiyo madai ya fidia yanayotokana na kosa la jinai. Mwendesha mashtaka hafungwi nao, lakini mama anafungwa. Anaweza kuuvunja akionyesha kwamba alidanganywa au alilazimishwa. Hawezi kuuvunja kwa kusema tu kwamba pesa ilikuwa kidogo. Na siku ya tatu hakuna anayejua kama kidogo ni kiasi gani: mfupa haujashika, daktari hajasema kama mguu utabaki mfupi, hakuna aliyehesabu wiki za kukaa bila kuuza.

Kumwambia akatae pesa ni ukatili. Bili ipo, na kumweka mtu kitandani kwa ajili ya deni ni jambo linalotokea katika hospitali zetu, ingawa mgonjwa si mfungwa. Apokee. Lakini karatasi iandikwe upya: "Nimepokea dola 150 kutoka kwa mwenye Hiace kwa ajili ya gharama za matibabu, kama sehemu ya fidia. Madai yangu mengine yanabaki." Tarehe, majina, sahihi za pande mbili na za mashahidi wawili. Iandikwe kwa Kiswahili. Ni lugha ya taifa kwa Katiba ya 2006, na makubaliano kati ya watu wawili hayahitaji Kifaransa ili yawe na nguvu. Mjomba akikataa maneno hayo, mama ameonyeshwa pesa ile ilikuja kununua nini.

Sisemi mapatano ni mabaya. Mapatano yanayofanywa daktari akiwa amekwisha andika kwamba jeraha limetulia na ulemavu uliobaki ni huu, risiti zote ziko mezani, bima ikiwa imekaa pamoja nao, mara nyingi yanampa mtu zaidi ya hukumu itakayongojewa rufaa. Ubaya uko kwenye haraka.

Na jaji atapima kwa nini? Hukumu nyingi hukadiria fidia kwa kile wanasheria wanachokiita ex aequo et bono, yaani kwa haki na usawa anavyouona jaji. Anayekuja mikono mitupu anakadiriwa mikono mitupu. Matibabu ni rahisi: risiti, karatasi za dawa, picha za eksirei, nauli za kurudi kliniki. Cheti cha daktari kiombwe kwa barua rasmi ya polisi au parke, na kiseme siku ngapi mgonjwa hawezi kufanya kazi na asilimia gani ya ulemavu imebaki. Kipato ndicho kigumu kwa mtu ambaye hana karatasi ya mshahara. Hapa wamama wa soko wana ushahidi ambao hawaufikirii. Vipo vitiketi vya ushuru wa soko vya kila siku. Lipo daftari la likelemba, yaani la mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, linaloonyesha kwamba kila wiki alitoa kiasi kilekile bila kukosa hadi wiki ya ajali, kisha nafasi yake ikabaki tupu. Yupo muuzaji wa jumla anayempa samaki kwa mkopo, na wenzake wa meza ya jirani. Daftari la likelemba lenye sahihi za wanachama ningeliweka juu kabisa ya faili. Baada ya hayo kuna maumivu yenyewe, na watoto waliosimama masomo kwa kukosa minervali (ada ya shule), ambayo jaji anaweza kuyahesabu akiambiwa.

Gharama za kesi huwatisha watu kabla hawajauliza. Mdai wa fidia hutakiwa kuweka pesa mahakamani, lakini asiye na uwezo anaweza kusamehewa akileta cheti cha umaskini kutoka komini (manispaa) yake. Cheti hicho aombe mapema, akiwa bado kwenye plasta, kwa kumtuma mtoto mkubwa au ndugu.

Tuseme mama yetu yuko mwezi wa saba tangu ajali. Alipokea dola 150 kwa karatasi ya pili, ile ya Kiswahili. Ana nakala ya PV, cheti cha daktari, majina ya abiria wawili, namba za bima mbili ambazo moja haijajibu. Parke imekaa kimya. Ningemwomba avoka aandike sitasio direkti mwezi huu huu: madereva wawili kama washtakiwa, wenye magari wawili kama wanaojibu kwa ajili yao, bima mbili pamoja nao, na kiasi cha dai kikiwa kimeandikwa kwa kila kipengele. Mshtakiwa anapaswa kupewa siku nane kamili kati ya kupokea mwito na kufika mbele ya jaji, na asiyejulikana anakokaa huchukua muda mrefu zaidi, kwa kubandikiwa mwito kwenye mlango wa mahakama. Madereva wa teksi huhama mtaa. Kwa hiyo kabla ya kwenda grefe, ofisi ya karani wa mahakama, mtu aende kituo cha teksi, aulize kwa upole dereva yule siku hizi analala wapi, na aandike anwani hiyo pamoja na jina la komini.